Faini ya Kuegesha Gari Juu ya Njia ya Miguu: Lini Inajuzu Kuipinga, na kwa Maneno Gani?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote.

Zipo familia hapa Unguja na Pemba zenye mtoto, ndugu au mkwe anayeishi Uingereza. Mambo yao yanayowasibu huko hutufikia huku, na mengine huja kwetu kwa sura ya masuala ya dini. Miongoni mwa masuala hayo ni hili tulilolipokea kutoka kwa mzazi mmoja, nasi tunalieleza kwa maneno yetu:

Kijana wake yuko London. Siku ya Ijumaa alichelewa, akapandisha magurudumu mawili ya gari juu ya njia ya waendao kwa miguu, mtaa wa pili kutoka msikitini, akakimbilia sala. Alipotoka alikuta hati ya faini ya baraza la mji imebandikwa kwenye kioo. Rafiki zake wamempa rai tatu. Wa kwanza anasema aandike kuwa alikuwa amempakia mgonjwa. Wa pili anasema aandike kuwa gari siku ile alikuwa nayo mtu mwengine. Wa tatu anasema asijibu kitu, kwani faini hizo ni kula mali za watu kwa dhulma, tena katika nchi isiyo ya Kiislamu. Mzazi anauliza: je, kijana anaweza kuipinga faini hii? Na akiipinga, ni lipi la halali na lipi la haramu?

JAWABU KWA UFUPI

Kuipinga faini kwa mwenye kuamini kwa dhati kuwa hakukosa, au kuwa ana udhuru wa kweli, ni haki yake, wala hakuna lawama. Kuipinga kwa uongo ni haramu, hata kama kiwango chake ni kidogo. Kukaa kimya na kuidharau hakufai, na kunamtia mtu katika madhara makubwa kuliko ya mwanzo. Ama rai tatu alizopewa kijana huyu, zote hazifai. Maelezo yake ni haya yafuatayo.

KWANZA: NJIA INA WENYEWE

Kabla ya kuzungumza faini, tuizungumze njia. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (R.A.), Mtume (S.A.W.) aliwakataza Sahaba kukaa njiani. Walipomweleza kuwa hawana budi na vikao vyao hivyo, aliwaamrisha waipe njia haki yake, na katika haki alizozitaja ni kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, na kuamrishana mema na kukatazana maovu. Zingatia: watu waliokaa tu, bila ya gari wala mzigo, wameambiwa wazuie udhia. Basi itakuwaje kwa aliyeacha chuma cha zaidi ya tani moja mahala pa kupita watu, kisha akaondoka?

Na katika Hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyomo katika Sahih Muslim, kuondoa chenye kuudhi njiani kumehesabiwa kuwa ni tawi la imani, ingawa ni tawi la chini kabisa. Ikiwa kuondoa ni katika imani, kuweka ni kinyume chake.

Maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi hawakuliacha jambo hili bila ya kulipambanua. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa mwambao wetu wamekisoma vizazi na vizazi, anaeleza kuwa manufaa ya asili ya njia ya umma ni kupita. Mtu anaruhusiwa kukaa hapo kupumzika au kufanya biashara maadamu hawabani wapitao. Tena katika mlango wa suluhu ameharamisha kujenga kibaraza au kupanda mti ndani ya njia ya umma, akaitaja kuwa ni kauli nyengine tu ile inayoruhusu ikiwa hapana madhara. Haya yameandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, wakati hapakuwa na gari. Hukumu yenyewe imetangulia: njia ni ya wapitao, na mwenye kuikalia kwa namna ya kuwabana amechukua haki isiyokuwa yake.

Tujiulize ni nani anayebanwa. Kijana mzima ataipinda gari akapita. Lakini kipofu anayetembea kwa fimbo ataigonga. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuteremka ukingoni akapanda tena. Mama mwenye kigari cha mtoto atalazimika kushuka barabarani, ambako gari zinakwenda kasi. Bibi kizee atasita asijue apite wapi. Hao ndio wenye njia. Wala haki hii haibaguliki kwa dini ya mpitaji, kwani Hadithi imeitaja njia na haki yake bila ya kumtoa mtu. Jirani asiye Muislamu anayeishi karibu na msikiti, kila Ijumaa akikuta mlango wake umezibwa na gari za wanaosali, atauelewaje Uislamu?

PILI: JE, FAINI YENYEWE NI DHULMA?

Hapa pana khitilafu ya wanavyuoni, na ni amana kuieleza. Adhabu ya kumtia mtu adabu, ambayo sharia haikuiwekea kiwango, inaitwa taazir. Je, inafaa iwe kwa kuchukua mali? Kauli mpya ya Imam Shafi na wengi wa maulamaa ni kuwa haifai. Wengine wameijuzisha, akiwemo Abu Yusuf katika wanafunzi wa Abu Hanifa, na Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn Al-Qayyim, na hoja zao zina uzito.

Katika zama zetu, suala la barabara limejadiliwa na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa katika kikao chake cha nane, kilichofanyika Brunei mwezi wa Juni 1993. Katika azimio lake nambari 71 kuhusu ajali za barabarani, maulamaa hao waliamua kuwa kufuata taratibu za barabarani zisizokhalifu sharia ni wajibu, na kuwa maslaha yanataka ziwepo sheria za kuwazuia wanaozivunja, zikiwemo adhabu za kutoza mali. Sababu iko wazi: barabara ni mahala pa roho za watu, na pasipokuwa na kizuizi watu hawajizuii.

Ama hoja ya kuwa nchi ile si ya Kiislamu, haisimami. Aliyeingia nchi ya watu kwa viza, au akapewa ukaazi au uraia wao, ameingia kwa ahadi. Allah ameamrisha kutimiza mikataba katika aya ya 1 ya Suratul Maida, na katika aya ya 34 ya Suratul Israa ametukumbusha kuwa ahadi ni yenye kuulizwa. Katika masharti ya ahadi hiyo ni kufuata sheria zao katika yale yasiyo maasi, na kuiacha njia ya miguu wazi si maasi. Hata anayeshikilia kauli ya kutofaa adhabu ya mali, kauli hiyo haimpi ruhusa ya kusema uongo, wala haimpi ruhusa ya kuziba njia.

TATU: SHERIA YA HUKO IKOJE?

Ni vyema ijulikane, kwani wengi hupigwa faini kwa kutojua, na wengine hulipa wasichostahiki kulipa.

Katika mji wa London, kuegesha gari juu ya njia ya miguu kumekatazwa kwa jumla tangu sheria ya mwaka 1974, isipokuwa pale ambapo pana kibao na alama zinazoruhusu. Hata gurudumu moja tu likiwa juu, kosa limetimia. Kibali cha buluu cha watu wenye ulemavu nacho hakimruhusu mwenyewe kupanda njia ya miguu. Sheria hiyo imetoa nyudhuru chache: mwenye ruhusa ya polisi aliyevaa sare, anayeokoa roho ya mtu au kuzima moto, anayesaidia penye ajali au gari iliyoharibika, na anayepakia au kuteremsha mzigo kwa namna isiyowezekana vyenginevyo, kwa sharti asiiache gari bila ya mtu.

Nje ya London, katika sehemu nyengine za England, hali haikuwa moja. Mara nyingi faini ya baraza hutokana na mistari ya manjano iliyopo ukingoni, kwani katazo la mistari hiyo linafika mpaka kwenye njia ya miguu pia, au hutokana na katazo maalumu la mtaa huo lenye vibao. Scotland nao wana sheria yao ya mwaka 2019, na mabaraza yao yameweza kutoza tangu Disemba 2023: faini ni pauni 100, na hupungua kuwa 50 kwa atakayelipa ndani ya siku 14.

Na itazamwe hati imetoka kwa nani. Kampuni binafsi za maegesho ya maduka hutoa hati zinazofanana na za baraza, lakini hizo ni madai ya mkataba, na njia yake ya kuzipinga ni nyengine. Tunayozungumza hapa ni ya baraza la mji.

NNE: HATUA ZA KUIPINGA KWA HALALI

Kwa England, utaratibu unakwenda hivi:

1. Hati iliyobandikwa kwenye gari hulipwa nusu ndani ya siku 14. Anayetaka kupinga aandike barua kwa baraza ndani ya siku hizo hizo na asilipe kwanza, kwani kulipa kunaifunga kesi. Barua ikifika mapema na ikakataliwa, kwa kawaida baraza humpa tena nafasi ya kulipa nusu.

2. Zikipita siku 28 bila ya malipo, baraza hupeleka hati rasmi kwa mwenye gari aliyeandikishwa. Naye ana siku 28 za kuleta pingamizi rasmi. Baraza linatakiwa lijibu ndani ya siku 56, na lisipojibu madai yake huanguka.

3. Pingamizi likikataliwa, mwenye gari ana siku 28 za kukata rufaa kwa waamuzi walio huru na baraza. Kwa London ni London Tribunals, na kwa kwengine England na Wales ni Traffic Penalty Tribunal. Rufaa haina ada.

4. Anayenyamaza huongezewa nusu ya faini juu yake, kisha deni husajiliwa mahakamani, kisha huja madalali wa mahakama mlangoni na gharama zao. Faini ndogo imewahi kuwafikisha watu kwenye kuchukuliwa gari zao. Huko ni kujitia khatarini kwa mikono yetu wenyewe.

Ama sababu zinazokubalika, ni kama kuwa kosa halikutokea, kwa mfano pana kibao kinachoruhusu, au gari haikuwa juu ya njia ya miguu. Au gari ilikuwa imeibiwa. Au ilikuwa imeshauzwa kabla ya siku hiyo. Au kiwango kilichodaiwa kimezidi kilichowekwa na sheria. Au baraza halikufuata utaratibu. Na nje ya hizo, baraza lina uwezo wa kusamehe kwa udhuru wenye nguvu, ukiwa na ushahidi.

Basi mwenye haki apige picha siku hiyo hiyo: magurudumu, ukingo, vibao vilivyopo au visivyokuwepo, na mistari iliyofutika. Aiweke hati, aandike saa, na aombe picha alizopiga mkaguzi wa baraza. Kisha aandike kwa adabu na kwa ufupi. Wala asione haya. Kudai haki kwa njia iliyowekwa si kuwaasi wenye mamlaka. Wao wenyewe ndio walioufungua mlango huo.

TANO: ULIMI WA MWENYE KUPINGA

Hapa ndipo palipo na mtihani mkubwa kuliko fedha zote za faini.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Mama wa Waumini Ummu Salama (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba yeye ni mtu, na watu humletea kesi zao, na huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenziwe, naye akamhukumia kwa alivyosikia, basi atakayehukumiwa haki isiyokuwa yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume (S.A.W.) haikuihalalisha haramu kwa mwenye kujua ukweli wake, vipi itaihalalisha barua ya karani wa baraza?

Anayeandika kuwa alimpakia mgonjwa, na mgonjwa hayupo, ameandika uongo kwa mkono wake. Anayemsingizia binamu yake kuwa ndiye aliyekuwa na gari amekusanya mawili: uongo na kumbebesha mwengine. Na katika hilo la pili hata faida ya kidunia hamna, kwa sababu faini ya baraza humfuata mwenye gari, si dereva. Zaidi ya hayo, katika hatua za mwisho mtu hutiwa saini kwenye tamko la mahakama kuwa asemayo ni kweli, na tamko la uongo huko ni kosa la jinai. Kwetu sisi ni kubwa zaidi: katika Hadithi ya Abu Bakra (R.A.), Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa kitako, akalikariri mpaka Sahaba wakatamani anyamaze.

Allah katika aya ya 135 ya Suratun Nisaa ametutaka tusimame kwa uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili Yake hata dhidi ya nafsi zetu. Aya hii wengi tunaihifadhi. Karatasi ya faini ni pahala padogo pa kuipima.

SITA: MASUALA YANAYOFUATA

Itaulizwa: je, mtu aliyekosa kweli, kisha baraza likachelewa kujibu mpaka siku zikapita, anaweza kunufaika na hilo? Tunavyoona ni kuwa inajuzu, maadamu hakusema uongo, kwa sababu deni hili limewekwa na sheria yao, na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoliondosha. Hakuna mali ya mtu aliyoila. Lakini asidhani kuwa amesalimika na yote. Udhia aliowafanyia wapitaji haukufutwa na kuchelewa kwa barua. Huo unataka toba, na kuazimia kutorudia, na tunampendelea atoe sadaka.

Itaulizwa: kulipa nusu kwa kuwahi, je, ni riba? Hapana. Mwenye haki amesamehe sehemu ya haki yake kwa anayewahi, wala hapana mkopo uliozidishwa. Ama nyongeza ya anayechelewa, asalimikae nayo ni yule aliyelipa au kupinga kwa wakati wake.

Itaulizwa: asiyekosa, lakini anaogopa usumbufu akalipa nusu ili ayamalize, je, amekubali dhulma? Hana dhambi. Amejitolea sehemu ya haki yake kwa ajili ya raha yake. Hata hivyo mwenye ushahidi bora aipinge, kwani huenda kibao kilichofutika kikarekebishwa, na watakaokuja baada yake wakanufaika.

Itaulizwa: aliyeazima gari ya nduguye akapigwa faini nayo? Alipe yeye aliyekosa, tena amwambie mwenye gari siku hiyo hiyo. Barua zitakwenda kwa mwenye gari, na kumficha ni kumtia hasarani mtu aliyekufanyia wema. Katika madhehebu yetu mwenye kuazima ni mwenye kudhamini alichokiazima. Kumlipia nduguye faini aliyoisababisha ni katika uadilifu huo huo.

Itaulizwa: je, kuwahi Ijumaa si dharura? Ijumaa ni faradhi, na faradhi hutayarishiwa wakati wake. Anayejua kuwa maegesho ni shida atoke mapema, au apande basi au treni, au aegeshe mbali atembee, na hatua za kwenda msikitini zina ujira wake. Ibada ya mtu haijengwi juu ya kubanwa kwa wengine. Na wasimamizi wa misikiti walikumbushe hili kabla ya khutba, na ikiwezekana waweke vijana wa kuongoza gari.

SABA: NA SISI TULIOPO VISIWANI

Asije mtu akasoma haya akasema ni mambo ya Uingereza. Ndani ya Mji Mkongwe wetu, ambako vichochoro vimejengwa kwa upana wa mtu na punda, leo vespa na gari huachwa milangoni mwa watu. Siku za Ijumaa na nyakati za tarawehe, nje ya misikiti mingi, mzee mwenye mkongojo hapati pa kupita. Jeneza likitoka, watu huanza kutafutana nani mwenye gari hii. Hukumu ni ile ile.

Na atakayetozwa faini hapa kwetu afuate mwenendo ule ule: akiwa amekosa alipe kwa njia rasmi na achukue risiti, akiwa hakukosa aende ofisini na maelezo yake. Kumpa mkaguzi kitu mkononi ili aichane karatasi si kuipinga faini. Hiyo ni rushwa, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji wake.

HITIMISHO

Kwa hivyo kijana huyu, kwa jinsi alivyoelezewa, amekosa, na hana udhuru unaokubalika. Tunamnasihi aangalie kwanza kama mtaa ule una kibao kinachoruhusu. Akikikuta, apige picha na aandike pingamizi lake kwa moyo mkunjufu. Asipokikuta, alipe ndani ya siku 14 apate nusu, na amwombe Allah msamaha kwa waliobanwa na gari yake siku ile. Na mzazi wake tunamwambia: umefanya vyema kuuliza kabla ya barua kuandikwa. Mtoto anayeulizia halali katika faini ataulizia halali katika makubwa.

Tunamuomba Allah atujaalie miongoni mwa wenye kuondoa udhia katika njia za watu, na azihifadhi ndimi zetu na kauli ya uongo, sisi na watoto wetu, walio karibu na walio mbali.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.